Mlango wa Timu ya Kwanza Ufunguliwe

Kila ufikapo wakati wa usajili wa wachezaji, mji wa Dar es Salaam huwaka moto wa maneno. Watu hukusanyika kiwanja cha ndege kumlaki mchezaji atokaye nje, ngoma hupigwa, jezi hununuliwa, na vijiwe vya kahawa toka Kariakoo hata Temeke havina habari nyingine ila nani amekuja na nani ameondoka. Sisi hatuna chuki na furaha hiyo. Mpira ni burudani ya wananchi, na mtu aliyefanya kazi wiki nzima ana haki ya kufurahi pamoja na wenzake. Lakini katika vishindo vyote hivyo lipo swali moja ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa, nalo ni hili: Je, mwaka huu ni vijana wangapi waliolelewa na klabu yenyewe wamepandishwa kuingia timu ya kwanza, na kati ya hao ni wangapi watakaopewa nafasi ya kucheza?

Twaliuliza swali hili kwa sababu jibu lake ndilo litakaloonyesha kama mpira wetu unajengwa au unanunuliwa tu. Nyumba iliyojengwa hukaa. Nyumba ya kupanga, hata ikiwa nzuri namna gani, siku kodi isipolipwa mwenyewe huitaka.

Kwanza yatupasa tuseme kweli. Wachezaji wa kigeni wameufaa sana mpira wa nchi hii. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, na baada ya hapo ikatupasa kungoja miaka mingi kuona klabu ya Bara ikirudi mahali kama pale. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikapoteza kwa USM Alger ya Algeria kwa hesabu ya mabao ya ugenini tu. Mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali hiyo hiyo, ikafungwa na RS Berkane ya Morocco. Atakayesema kwamba wageni hawakutoa mchango katika mafanikio hayo atakuwa anajidanganya. Hatuwakatai wageni, wala hatutaki wafukuzwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno letu ni kwamba mwenyeji naye hana budi kupona.

Maana hebu tutazame hesabu. Katika msimu wa 2023/24 kanuni za Ligi Kuu ziliruhusu klabu moja kusajili wachezaji wa kigeni hadi 12. Timu uwanjani ni watu 11. Idadi ya wageni hao, basi, yatosha timu nzima na akabaki mmoja wa akiba. Ongeza hapo wenyeji mashuhuri wanaonunuliwa kutoka klabu ndogo, kisha utafute nafasi ya kijana wa miaka 19 aliyekulia katika timu ya vijana ya klabu hiyo. Hutaiona, na yeye pia haioni.

Wapo watakaotujibu kwamba klabu zetu zinazo timu za vijana. Ni kweli zinazo. Shirikisho la Mpira wa Afrika linataka kila klabu inayoomba leseni ya mashindano yake iwe na mpango wa vijana, na hapa nchini yapo mashindano ya vijana wa chini ya miaka 20 wa klabu za Ligi Kuu. Kwa karatasi kila kitu kiko mahali pake. Vijana wana jezi, wana mwalimu, wana picha ya pamoja. Lakini timu ya vijana isiyokuwa na njia ya kufika timu ya kwanza ni sawa na ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta usio na dirisha. Mtu atapanda hata mwisho, kisha atashuka.

Watu wa mpira wanajua mahali hasa panapopotea vijana. Hawapotei wakiwa na miaka 12, maana umri huo kila mtoto hucheza, awe shuleni au uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba. Hawapotei wakiwa na miaka 16, maana umri huo huitwa chipukizi na kusifiwa. Wengi wao hupotea kati ya miaka 18 na 21. Hapo kijana amekwisha kuwa mkubwa mno kwa timu ya vijana, lakini mwalimu wa timu ya kwanza amwona bado mdogo. Hufanya mazoezi na wakubwa, hubeba mipira, hukaa benchi mechi mbili, hukosa hata benchi mechi kumi, kisha msimu wa pili jina lake huachwa. Akirudi mtaani huitwa aliyeshindwa, ilhali hakupewa hata siku moja ya kushindana. Kipaji cha mpira hakiwekwi ghalani kama mahindi kingoje msimu mwingine. Kisipotumiwa katika miaka ile, hufa.

Mfano ulio wazi kupita yote ni Mtibwa Sugar ya Morogoro. Klabu hii, iliyozaliwa kwenye mashamba ya miwa, ilitwaa ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000. Kwa miaka mingi imesifika kwa kulea vijana, na timu yake ya chini ya miaka 20 imetwaa ubingwa wa vijana zaidi ya mara moja. Wachezaji waliopita pale na kwenda kuzinufaisha klabu za Dar es Salaam ni wengi, wala hakuna mpenzi wa mpira asiyelijua jambo hilo. Lakini mwisho wa msimu wa 2023/24 Mtibwa Sugar ilishuka daraja, ikawa haina budi kuhangaika mwaka mzima huko chini kabla ya kurudi Ligi Kuu. Hatusemi kwamba ilishuka kwa sababu ililea vijana. Mambo ya kuishusha timu ni mengi. Twasema tu kwamba kulea peke yake hakukuiokoa, kwa sababu katika mpira wetu anayepanda mbegu siye anayekula mavuno. Hali hiyo ikiendelea, ni klabu gani yenye akili itakayoendelea kupanda?

Sasa tuwasikilize viongozi wa klabu kubwa, maana nao wana hoja, na si haki kuwahukumu bila ya kuwasikiliza. Wao husema: “Timu kubwa si shule. Wanachama wanataka ubingwa mwaka huu, si mwaka wa tatu. Mwalimu akifungwa mechi mbili anapigiwa kelele afukuzwe. Huyo atathubutuje kumpanga mtoto?” Hoja hii ina ukweli ndani yake. Tangu Azam ilipotwaa ubingwa msimu wa 2013/14, hata kufikia mwisho wa msimu wa 2024/25, ubingwa wa nchi haukupata kutoka nje ya mikono ya Simba na Yanga. Katika mashindano ya watu wawili, anayeshika nafasi ya pili huonekana kama aliyeshika ya mwisho. Mwalimu anayejua kwamba kazi yake yaweza kwisha kabla ya miezi sita hana sababu ya kumtunza mtu atakayekomaa baada ya miaka miwili. Atakayemfaidi ni mwingine.

Lakini hoja hiyo inaonyesha ugonjwa, haionyeshi dawa. Ikiwa mwalimu hana muda, basi kazi ya kufikiri juu ya kesho ni ya halmashauri ya klabu, ambayo ndiyo inayoajiri na kufukuza walimu. Klabu ni ya tangu mwaka 1935 au 1936. Mwalimu ni wa msimu. Haiwezekani klabu yenye umri wa karibu miaka tisini iwaze kama mtu anayeondoka kesho asubuhi.

Na wala si kweli kwamba vijana hawawezi kuleta vikombe. Tumetaja fainali ya mwaka 1993. Simba ilikwenda Abidjan, nchini Ivory Coast, ikatoka sare na Stella bila ya kufungana, kisha ikafungwa mabao mawili hapa hapa Dar es Salaam. Wenye umri wa kukumbuka wanayakumbuka majonzi ya siku ile. Katika mji huo huo wa Abidjan na katika miaka hiyo hiyo, klabu nyingine, ASEC Mimosas, ilikuwa inaanza chuo cha mpira chini ya Mfaransa aitwaye Jean-Marc Guillou. Watoto walichaguliwa wakiwa wadogo, wakalala chuoni, wakasoma darasani, wakafundishwa mpira kila siku. Mwaka 1998 ASEC ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika. Baada ya hapo wachezaji wake wakubwa wakaondoka. Je, klabu ilikimbilia sokoni? La. Mapema mwaka 1999, katika mechi ya Kombe la Mabingwa wawili wa Afrika, iliwapanga vijana wa chuo chake dhidi ya Esperance ya Tunis, nao wakashinda kwa mabao 3 kwa 1. Katika chuo hicho walitoka Kolo Touré na mdogo wake Yaya, Didier Zokora, Aruna Dindane na wengine ambao dunia iliwaona baadaye katika Kombe la Dunia la mwaka 2006. Siri yao haikuwa majengo. Siri ilikuwa kwamba siku mlango ulipokuwa wazi, vijana walisukumwa wapite.

Atakayesema kwamba Abidjan ni mbali, na atazame Nairobi. Mwaka 1987 katika vibanda vya Mathare kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA. Watoto walicheza ligi yao, na timu zilipata pointi pia kwa kusafisha mitaa na kuzoa taka. Mwaka 1994 chama hicho kikaunda klabu ya wakubwa, Mathare United, ili vijana waliokua wawe na mahali pa kwenda. Mwaka 1998 klabu hiyo ilitwaa kombe la taifa, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Dennis Oliech, mfungaji mashuhuri wa Kenya, alipitia huko. Watu wa Mathare hawakuwa na fedha za kununua nyota. Walikuwa na watoto, na walikuwa na nia.

Na hapa petu, je? Mbwana Samatta hakuzaliwa akiwa nahodha wa Taifa Stars. Alitoka Mbagala, akachezea African Lyon, akaingia Simba mwaka 2010 akiwa bado hajatimiza miaka 18. Simba ilimpa uwanja. Mwaka uliofuata TP Mazembe ya Lubumbashi ilimwona, ikamchukua. Mwaka 2015 akatwaa nayo ubingwa wa Afrika. Akaenda Genk ya Ubelgiji, akawa bingwa wa nchi hiyo msimu wa 2018/19, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa. Azam nayo, kwa chuo chake cha Chamazi, imetoa vijana waliofika Ulaya. Novatus Dismas aliyeondoka katika klabu hiyo alicheza Ligi ya Mabingwa wa Ulaya akiwa na Shakhtar Donetsk msimu wa 2023/24. Twauliza: lau Samatta angalikuwa na miaka 17 leo, na nafasi za washambuliaji zimejaa wageni watatu na wenyeji wawili walionunuliwa kwa bei, angelionwa na nani?

Yupo atakayesema kwamba kulea ni gharama. Ni gharama kweli: chakula, malazi, walimu, daktari, viwanja. Lakini kanuni za FIFA zimeweka malipo kwa mleaji. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomfundisha toka msimu wa miaka 12 hata wa miaka 23: robo ya asilimia moja kwa kila msimu hadi miaka 15, na nusu ya asilimia kwa kila msimu baada ya hapo. Tuseme kijana ameuzwa kwa dola 1,000,000. Klabu iliyomlea misimu minne, toka miaka 16 hata 19, itapata dola 20,000 bila ya kufanya kazi nyingine yoyote, na italipwa tena kila auzwapo kwa namna hiyo. Juu ya hayo ipo fidia ya mafunzo, ambayo hulipwa kijana anapoandikishwa nje kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa.

Lakini fedha hizo haziji kwa maneno ya vijiweni. Huja kwa kumbukumbu. Kijana asiyeandikishwa hana mleaji. Timu ngapi za mtaani zimewalea vijana kwa miaka minne au mitano, wakang'ara kwenye mashindano ya ndondo, wakachukuliwa na klabu kubwa kwa ahadi na jozi ya viatu, na jina la timu ile lisiandikwe popote? Twawashauri viongozi wa timu ndogo: andikisheni vijana wenu, tunzeni karatasi zenu. Karatasi moja yaweza kujenga uwanja.

Na tukitaja karatasi, hatuwezi kunyamazia jambo la umri. Mwaka 2005 vijana wetu wa Serengeti Boys walinyang'anywa nafasi ya kwenda fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Aibu ile ilikuwa ya taifa zima. Tangu mwaka 2009 FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine katika mashindano ya umri huo, na udanganyifu umekuwa mgumu. Lakini katika mashindano madogo, ambako hakuna mashine, ungali unaendelea. Aliye na miaka 20 akichezeshwa na wa miaka 16, atashinda kwa nguvu, kombe litapatikana, na mtoto wa kweli aliyeachwa nje ndiye aliyekuwa mchezaji wetu wa kesho. Anayedanganya umri humwibia mtoto wa mwenzake nafasi.

Wazazi nao tuna neno nao. Katika kila vijana 20 wanaoingia chuo cha mpira, wengi hawatafika timu ya kwanza. Ndivyo ilivyo duniani kote, hata katika vyuo vya Ulaya vyenye kila kitu. Kwa hiyo klabu inayomwondoa mtoto shuleni ili acheze asubuhi na jioni inamdhulumu, na mzazi anayekubali anashiriki dhuluma hiyo. Chuo cha mpira kisicho na darasa si chuo. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yatuonyesha kwamba mpira na kalamu vyaweza kukaa katika mkono mmoja.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo manne, wala si makubwa.

La kwanza, vijana wapewe dakika zinazohesabika. Ligi ya timu 16 ina mechi 30 kwa kila klabu. Mechi 30 za dakika 90 kwa watu 11 ni dakika 29,700. Tukitaka sehemu moja tu katika kumi ya dakika hizo wapewe vijana wa chini ya miaka 21 waliolelewa nchini, ni dakika 2,970, yaani nafasi moja tu uwanjani na ziada kidogo. Klabu itakayosema kwamba haiwezi kutoa nafasi moja katika 11 kwa vijana wa nchi yake, na ijieleze mbele ya wanachama wake. Hata Ulaya, ambako soko ni huru, UEFA yataka katika orodha ya wachezaji 25 wawemo 8 waliofundishwa nchini, na 4 kati yao wawe wamefundishwa na klabu yenyewe.

La pili, kijana asiyepata nafasi apelekwe kwa mkopo katika klabu atakakocheza, na klabu yake imfuatilie kila wiki. Kukaa benchi la timu kubwa si heshima kwa mtu wa miaka 19. Ni kifungo.

La tatu, fidia ilipwe na humu humu nchini. FIFA inataka kila chama cha taifa kiwe na utaratibu wa kuzituza klabu zinazolea vijana hata kwa uhamisho wa ndani. Mtibwa, na timu ndogo za mikoani, zisiachwe zikipokea asante tupu.

La nne, halmashauri za klabu ziweke mtu wa kuongoza mpira wa vijana ambaye hafukuzwi pamoja na mwalimu wa timu ya kwanza, na kila mwisho wa msimu atoe hesabu mbele ya mkutano mkuu: wangapi wamepanda, wamecheza dakika ngapi, walioachwa wako wapi.

Jambo hili lina haraka yake. Mwaka 2023 Shirikisho la Mpira wa Afrika lilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Viwanja vyaweza kujengwa na wakandarasi kwa tarehe iliyopangwa. Mchezaji hajengwi hivyo. Nchi mwenyeji iliyojenga viwanja vizuri na kukosa watu wa kuvichezea itakuwa imewatandikia wageni jamvi.

Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Msala upitao ni mzuri, una rangi, nasi twaufurahia. Lakini utapita. Mbacha ni wetu: ni yule kijana wa Mbagala, wa Turiani, wa Kigoma na wa Tanga, anayesimama mlangoni mwa timu ya kwanza na viatu mkononi. Viongozi wa klabu, funguo mnazo ninyi. Nanyi mashabiki, siku kijana huyo atakapokosea pasi yake ya kwanza, msimzomee. Mpigieni makofi ajaribu ya pili.